Pembe za ng'ombe wako zatosha ukutani



Watu wa nchi nyingi hupenda kuweka kumbukumbu ya mnyama ndani ya nyumba. Mmoja huweka pembe juu ya mlango. Mwingine hutundika ngozi ukutani. Mwingine huhifadhi kichwa kizima, chenye nywele, masikio na macho. Mgeni akiingia hushtuka. Hudhani mnyama yu hai.

Hiyo ni kazi ya ufundi. Si uchawi, wala haihitaji mashine kubwa. Mtu anayejua kuchuna, kupima na kushona anaweza kujifundisha mwenyewe, polepole. Hapa Kinampanda tunafuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Visu tunavyo, chumvi inauzwa dukani, na wazee wetu wanajua kuwamba ngozi. Vifaa vya kuanzia vipo.

Lakini kazi hii ina hatari zake. Ya kwanza ni sheria. Ya pili ni magonjwa. Ya tatu ni sumu. Mtu asiyezijua anaweza kufungwa gerezani kwa sababu ya pambo la ukutani. Au anaweza kuugua kwa sababu ya ngozi moja.

Kwa hiyo tutasoma mambo yote, ufundi na hatari zake. Neno kubwa la makala hii ni hili: ukitaka pambo la mnyama, anza na mnyama wako mwenyewe, uliyemchinja kwa halali. Usiende porini.

UFUNDI HUU ULIVYOANZA

Zamani mafundi wa Ulaya walichuna mnyama, wakakausha ngozi, kisha wakaijaza majani makavu kama tunavyojaza godoro. Mnyama alitoka mnene hapa na mwembamba pale. Hakufanana na mnyama wa kweli.

Fundi mmoja wa Marekani alibadili jambo hilo. Jina lake ni Carl Akeley. Alizaliwa mwaka 1864. Alianza kupenda kazi hii akiwa mtoto, akisoma kitabu na kujaribu kwa mikono yake. Baadaye aliona kwamba kujaza majani hakutoshi. Akaanza kupima mnyama kila sehemu. Akafinyanga umbo lake kwa udongo, pamoja na misuli na mishipa. Kutokana na udongo ule alitoa umbo jepesi lenye uwazi ndani. Mwishoni aliivika ngozi juu ya umbo hilo. Wanyama wake wakaonekana kama wanatembea.

Akeley alifika Afrika Mashariki mara kadhaa kutafuta wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Marekani. Mwaka 1910 tembo alimjeruhi vibaya karibu na Mlima Kenya. Mwaka 1921 alikwenda katika milima ya Virunga, upande wa Kongo. Huko aliwaua gorila kadhaa ili wawekwe katika makumbusho ya New York.

Lakini alipowaona gorila kwa karibu, aliona kwamba wakiendelea kuuawa watakwisha. Akaanza kuwaomba wakubwa wawalinde. Mwaka 1925 Mfalme Albert wa Ubelgiji alitangaza hifadhi katika milima ile. Leo inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Akeley alifariki huko huko mwaka 1926, akazikwa mlimani.

Tunaona kwamba fundi mkubwa wa kuhifadhi wanyama waliokufa alimaliza maisha yake akitetea wanyama walio hai.

JIRANI ZETU NA SISI

Kazi hii ilikuwa kubwa pia huko Nairobi. Fundi wa Kijerumani aitwaye Paul Zimmermann alikuwa na kiwanda kando ya barabara ya Thika. Wawindaji kutoka Ulaya na Marekani walipeleka kwake ngozi na vichwa. Mtaa wa Zimmerman uliopo Nairobi leo umepata jina lake kutoka kwake.

Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Mwaka uliofuata ikapiga marufuku biashara ya nyara. Kazi ya kutengeneza vichwa vya wawindaji ikakosa mali na wateja.

Nchini kwetu, Serikali ilisimamisha uwindaji mwaka 1973. Uwindaji wa leseni ulifunguliwa tena mwaka 1978. Mpaka leo mtu mwenye leseni anaweza kuwinda, lakini kwa kufuata masharti.

Yako mahali ambapo mwananchi anaweza kuona kazi hii bila kuvunja sheria. Mjini Arusha kuna Makumbusho ya Elimu Viumbe, ndani ya boma la zamani la Wajerumani. Nairobi kuna mifupa ya tembo aitwaye Ahmed. Tembo huyo aliishi Marsabit na alikuwa na pembe ndefu sana. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri kwamba alindwe. Ahmed alikufa mwaka 1974. Mifupa yake ikahifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, na sanamu yake kubwa ikasimamishwa nje. Watoto wa shule huitazama na kujifunza.

NYARA NI MALI YA NANI?

Hapa tusome kwa makini.

Sheria yetu ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009. Sheria hii inaeleza maana ya neno nyara. Wengi hudhani nyara ni pembe za ndovu tu. Sivyo. Nyara ni mnyamapori mwenyewe, hai au mfu. Tena ni sehemu yake yoyote: pembe, jino, mfupa, kucha, kwato, ngozi, nyama, nywele, manyoya, hata yai.

Kwa hiyo ngozi ya chatu ni nyara. Kucha za simba ni nyara. Mkia wa nyumbu ni nyara. Pembe za swala ni nyara. Kakakuona aliye hai ndani ya gunia ni nyara, na magamba yake ni nyara.

Wako watu wanaosema, "Mimi sikuua. Niliokota tu." Neno hilo halimwokoi mtu. Mnyama aliyekutwa amekufa porini ni mali ya Serikali. Pembe uliyoikuta ukichunga ng'ombe kule mbugani Wembere si yako. Manyoya na mayai ya ndege wa Ziwa Kitangiri si vitu vya kupeleka nyumbani.

Wengine husema, "Ngozi hii aliiacha babu." Babu alikuwa mtu mwema, lakini sheria huuliza hati. Mtu anayemiliki nyara kwa halali huwa na hati ya umiliki kutoka kwa wakubwa wa wanyamapori. Bila hati, yeye ndiye atakayeulizwa, si babu.

Adhabu yake ni nzito. Hutegemea aina ya mnyama na thamani ya nyara. Kwa makosa makubwa, kifungo kinaweza kufika miaka 20 hadi 30. Makosa ya nyara huhesabiwa pia katika uhujumu uchumi. Tuseme kijana ana miaka 22. Akifungwa miaka 20, atatoka akiwa na miaka 42. Shamba lake litalimwa na nani? Watoto wake watalelewa na nani? Yote hayo kwa sababu ya ngozi iliyokuwa inaning'inia ukutani.

UFANYE NINI UKIKUTA NYARA?

Ukikuta pembe, ngozi au mzoga wa mnyamapori, usiuguse. Iache pale pale. Kumbuka mahali. Kisha mweleze Mwenyekiti wa Kijiji au Ofisa Mtendaji wa Kijiji. Wao watampa habari Ofisa Wanyamapori wa Wilaya, aliyepo Kiomboi.

Kama kuna nyara ya zamani nyumbani, usiifiche darini. Usiichome usiku. Tena usiibebe ndani ya basi kwenda nayo mjini, hata kama nia yako ni njema. Kusafirisha nyara bila kibali ni kosa jingine. Nenda wewe mwenyewe, mikono mitupu, utoe habari. Wakubwa watakuja kuichukua au watakueleza la kufanya. Nenda mapema. Anayetoa habari mwenyewe si sawa na anayekutwa nayo.

Na kakakuona je? Wazee wengi husema kwamba mnyama huyu huagua mvua na mavuno. Akionekana, watu hukusanyika. Ndugu, mtazame kwa mbali, umwache aende zake. Usimfunge kamba. Usimpeleke nyumbani wala kwa mnunuzi. Toa habari kijijini.

SASA TUFANYE KAZI: CHAGUA MNYAMA MZIMA

Mnyama wa kujifunzia ni mbuzi au ng'ombe wako. Huyu ni mali yako. Ngozi yake, fuvu lake na pembe zake ni zako pia.

Lakini si kila mnyama achunwe. Chukua mnyama aliyechinjwa na kukaguliwa na ofisa mifugo. Usichune mnyama aliyekufa ghafla zizini.

Sababu yake ni ugonjwa wa kimeta. Mnyama mwenye kimeta anaweza kufa ghafla bila kuonekana kuwa mgonjwa. Damu nyeusi hutoka puani, mdomoni au sehemu ya haja. Damu hiyo haigandi vizuri. Mzoga huvimba upesi. Ukiona hivyo, usiupasue. Ukiupasua, vijidudu hutoka na damu na kuingia katika udongo. Humo vinaweza kukaa miaka mingi sana. Funga mbwa, zuia watoto, na umwite ofisa mifugo. Yeye ataonyesha namna ya kuuchoma au kuuzika chini sana.

Kimeta humpata mtu pia, kupitia nyama, ngozi na hata manyoya. Katika karne ya 19 huko Uingereza, wafanyakazi waliochambua sufu katika viwanda vya mji wa Bradford walikufa kwa ugonjwa huu. Hawakumwona mnyama mwenyewe. Walivuta vumbi la sufu tu.

Mtu aliyeshika ngozi akiona kidonda mkononi chenye rangi nyeusi katikati, hata kama hakiumi, aende zahanati siku ile ile. Amweleze mganga kwamba alishika ngozi. Ugonjwa huu hutibika ukiwahiwa.

Vilevile usiguse kichwa cha mnyama aliyekuwa na kichaa. Mate yake na ubongo wake ni hatari.

KAZI YA KWANZA: NGOZI YA UKUTANI

Anza na ngozi ya mbuzi. Ni ndogo, na ukiharibu hasara si kubwa.

Chuna mara tu mnyama anapokwisha kufa. Usimburute chini, maana mawe hukwangua nywele. Mtundike juu ya mti. Pasua kwa mstari ulionyooka kutoka kidevuni, katikati ya tumbo, mpaka mkiani. Baada ya hapo weka kisu pembeni. Sukuma ngozi kwa ngumi. Kisu hutoboa, lakini ngumi haitoboi. Mahali pagumu, tumia kisu chenye ncha butu.

Osha damu kwa maji safi kidogo. Tandaza ngozi juu ya gogo laini, upande wa nyama uwe juu. Kwangua nyama na mafuta yote. Mafuta yakibaki, chumvi haitaingia, na ngozi itaoza mahali hapo.

Sasa paka chumvi. Ngozi mbichi ya kilo 2 yatosha kupakwa chumvi ya kilo 1. Sugua kila mahali, hasa pembeni, shingoni na miguuni. Ikunje, iache mpaka kesho yake mahali penye mteremko ili maji yatoke. Kung'uta chumvi iliyolowa, paka nyingine kavu. Mafundi wengine huchanganya chumvi na shabu iliyosagwa. Shabu hukaza ngozi na kuzishika nywele zisinyonyoke.

Kisha wamba. Chukua miti minne uifunge iwe fremu. Toboa matundu madogo pembezoni mwa ngozi. Pitisha kamba, vuta kwa usawa pande zote. Usivute mno. Ngozi ikikauka hunywea, nayo itapasuka.

Weka fremu kivulini penye upepo. Usiweke kwenye jua kali. Jua hukausha juu haraka, ndani hubaki unyevu, ngozi ikaoza katikati. Usiwambe chini kwa vigingi, maana hewa haipiti, na mchwa na uchafu huingia. Baada ya siku tatu hadi tano itakuwa kavu. Ikwangue tena polepole kwa kisu butu. Ukitaka ilainike, ipake mafuta kidogo upande wa ndani huku ukiikunja na kuikunjua.

Ukijua hatua hizi, umejua pia namna ya kupata ngozi nzuri ya kuuza. Ngozi nyingi hushuka daraja kwa sababu ya kukatwa na visu na kukaushwa vibaya. Ufundi ni ule ule.

KAZI YA PILI: FUVU NA PEMBE

Kazi hii hufaa kwa pembe za fahali mzuri. Tafuta kichwa kwa mchinjaji, au kwa mnyama wako mwenyewe.

Ondoa ngozi, macho, ulimi na nyama zote unazoweza. Toa ubongo kwa waya na maji kupitia tundu kubwa la nyuma. Kisha chagua njia moja kati ya hizi mbili.

Njia ya kwanza ni kuloweka. Tia fuvu ndani ya pipa la maji, lifunike, uliweke mbali na nyumba na kisima. Badili maji kila baada ya siku chache. Baada ya wiki kadhaa nyama yote huachia. Harufu ni mbaya, lakini mfupa hubaki mzima.

Njia ya pili ni kuchemsha. Moto uwe mdogo. Maji yasitokote kwa nguvu, maana mfupa hupasuka na meno hung'oka. Pembe zibaki nje ya maji. Baada ya muda kwangua nyama iliyolainika, urudie mpaka liwe safi.

Pembe ina sehemu mbili. Nje ni ganda, ndani ni mfupa. Ganda hulegea kwa maji na joto. Likilegea, livute, usafishe ndani, ukaushe, halafu ulirudishe kwa gundi. Usipofanya hivyo, kilichomo kati ya ganda na mfupa kitanuka na kuleta funza.

Kufanya fuvu liwe jeupe, lianike juani siku nyingi. Usitumie dawa kali ya kung'arishia nguo. Dawa hiyo hula mfupa, ukawa kama chaki.

Pembe zing'arishe kwa msasa, kwanza wa chenga kubwa, halafu laini. Malizia kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Omba kwa seremala kipande cha ubao mkavu. Kikate kwa umbo la ngao, kilainishe, kipake vanishi. Kaza fuvu kwa skrubu kutoka nyuma ya ubao. Msumari wa kugonga hupasua mfupa.

Jambo moja la kustaajabisha: wako wadudu wadogo wanaokula ngozi zetu kavu stoo. Tunawachukia. Lakini makumbusho mengine ya Ulaya na Marekani huwafuga wadudu wa jamii hiyo. Huwapa mafuvu, nao hula nyama yote bila kuharibu mfupa hata kidogo.

KAZI YA TATU: KICHWA KIZIMA

Kazi hii ni ngumu. Usiianze kabla ya kuzijua zile mbili.

Kabla ya kuchuna kichwa cha mbuzi, pima kwa kamba. Pima kutoka pua mpaka jicho. Pima kutoka jicho mpaka pembe. Pima unene wa shingo. Andika vipimo vyote katika daftari. Hapa ndipo faida ya kujua kusoma na kuandika inapoonekana. Fundi asiyeandika hukisia, na anayekisia hukosea.

Chuna ukianzia nyuma ya shingo, ili mshono ufichike. Kata polepole kuzunguka macho, midomo na pembe. Geuza masikio, toa gegedu lake. Punguza unene wa ngozi ya midomo, kisha ipake chumvi na shabu.

Tengeneza umbo. Chukua kipande cha ubao kwa nyuma, na sehemu ya juu ya fuvu yenye pembe. Zungushia majani makavu, ukiyafunga kwa kamba mpaka yafuate vipimo vya daftari. Juu yake paka udongo wa mfinyanzi, tabaka jembamba, ukionyesha mashavu na mifupa ya uso. Acha ukauke kidogo. Umbo likiwa kubwa kuliko vipimo, ngozi itapasuka ikikauka. Likiwa dogo, itakunjamana.

Vika ngozi ikiwa bado laini. Shona kwa uzi imara. Macho unaweza kuyafanya kwa shanga kubwa au udongo uliopakwa rangi. Masikio yategemeze kwa karatasi ngumu mpaka yakauke. Pitia kazi yako kila siku kwa wiki moja, ukirekebisha midomo na macho kabla hayajakauka.

Kichwa cha kwanza hakitapendeza. Cha pili kitakuwa afadhali. Mtazame mbuzi aliye hai kila mara. Yeye ndiye mwalimu wako.

USITUMIE SUMU

Zamani mafundi wa Ulaya walipaka ngozi sabuni yenye sumu ya arseniki ili wadudu wasile. Ngozi zilidumu, lakini sumu iliwadhuru mafundi wenyewe. Mpaka leo wafanyakazi wa makumbusho huvaa glavu wanaposhika wanyama wa zamani.

Usifuate mfano huo. Usipake ngozi dawa ya pamba, wala dawa ya kuogesha ng'ombe, wala dawa ya kuhifadhi mahindi. Dawa za shambani hazikutengenezwa kwa ajili ya chumba cha kulala watoto. Kinga nzuri ni hii: kwangua mafuta vizuri, kausha sawasawa, tundika mahali pakavu, na ung'ute vumbi kila wiki. Ukiona wadudu, toa ngozi nje uipige, uianike.

Unapofanya kazi, funika vidonda vya mikono. Usile wala kuvuta sigara. Ukimaliza, nawa kwa sabuni. Visu hivyo visirudi jikoni.

FAIDA YAKE KIJIJINI

Kwanza, shule zetu. Mwalimu wa sayansi akiwa na fuvu la mbuzi, la nguruwe na la mbwa, anaweza kuonyesha meno ya mnyama anayekula majani, anayekula kila kitu, na anayekula nyama. Mtoto akishika fuvu mkononi, hasahau. Walimu wanafunzi wa chuo cha ualimu cha hapa Kinampanda wanaweza kuanza, na mafuvu hayo yakawa kabati dogo la elimu.

Pili, ngozi. Kijana aliyejifunza kuchuna bila kutoboa atatafutwa na wachinjaji.

Tatu, mapambo. Pembe za ng'ombe zilizong'arishwa hufanywa vikombe, vitana, vifungo na mapambo. Kabla ya kuanza biashara, uliza ofisi ya kijiji kuhusu leseni. Mteja akikuuliza pembe ya mnyamapori, mwambie hapana.

Nne, heshima. Fahali aliyelima shamba lako miaka mingi amefanya kazi kubwa. Pembe zake ukutani ni historia ya nyumba yako. Mgeni akiuliza, utamweleza bila kuogopa nani anasikiliza.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Sehemu yoyote ya mnyamapori ni nyara. Kuiweka bila hati ni kosa.
2. Ukikuta nyara, iache. Toa habari kijijini.
3. Usichune mnyama aliyekufa ghafla.
4. Kwangua mafuta, paka chumvi, kausha kivulini.
5. Pima na andika kabla ya kuchuna.
6. Usipake sumu ya shambani katika pambo la nyumbani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja vitu vitano ambavyo ni nyara kwa sheria.
2. Jirani amekuta pembe za swala njiani. Mtamshauri nini?
3. Kwa nini ngozi isianikwe juani?
4. Dalili za kimeta katika mzoga ni zipi?
5. Katika kijiji chetu, nani anajua kuwamba ngozi vizuri? Tumwombe atufundishe siku gani?